Halifax, bandari ya waliofika na waliofukuzwa

(Muziki wa ufunguzi. Unapanda, kisha unashuka taratibu.)

  

Leo tunasafiri. Hatuhitaji viza wala tikiti, maana tutatembea kwa masikio. Tunakwenda Kanada, kwenye mji wa bandari unaoitwa Halifax.

Kwa nini Halifax? Jina la Kanada linatajwa kila siku humu kambini. Kuna waliokwishaondoka. Kuna wanaongoja. Kuna waliofanyiwa mahojiano mara mbili, mara tatu, na hadi leo wanakwenda kuangalia ubao wa matangazo kila Jumatatu. Tukiitaja Kanada tunaitaja kama nchi isiyo na jana, kama vile ilianza siku ile ndege ya jirani yetu ilipotua. Lakini kila nchi ina jana yake, na mtu anayehamia nyumba ni vizuri ajue nani alilala humo kabla yake.

Halifax ni mahali pazuri pa kuisoma jana ya Kanada, kwa sababu kwa muda mrefu ulikuwa mlango wake. Wakimbizi wengi waliingia kwa mlango huo. Wengine walifukuzwa kwa mlango huo huo. Na baadhi ya hao, wasikilizaji, walikuwa watu weusi kama sisi, zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Twendeni.

(Muziki mfupi.)

Halifax uko mashariki mwa Kanada, kwenye jimbo la Nova Scotia, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Bahari inaingia ndani ya nchi kama mkono, halafu inabanwa mahali pembamba, kisha inafunguka tena kuwa beseni kubwa la maji. Beseni hilo linaweza kuficha meli nyingi kwa pamoja, mbali na mawimbi na mbali na adui.

Bandari hiyo ina sifa nyingine. Wakati wa baridi, mito mikubwa ya Kanada huganda. Maji yanakuwa barafu, na zamani meli zilikuwa haziwezi kufika miji ya Québec na Montréal. Halifax haugandi. Kwa hiyo miezi yote ya barafu, wengi waliotaka kuingia Kanada kwa meli walipitia hapo.

Kabla ya jina Halifax, mahali hapo palikuwa na jina lake, na wenyeji wanalitumia hadi leo: Kjipuktuk, maana yake Bandari Kuu. Wenyeji hao ni watu wa Mi'kmaq. Walikuwa wakivua samaki na kuwinda pale kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 1749, Mwingereza mmoja aliyeitwa Edward Cornwallis alifika na meli zilizobeba walowezi wapatao 2,500. Akajenga mji na ngome, akaupa jina la bwana mkubwa wa serikali ya Uingereza. Wenyeji hawakuwa wameuza ardhi ile. Walipopinga, Cornwallis alitangaza zawadi ya fedha kwa yeyote atakayemuua au kumkamata Mmi'kmaq. Tangazo hilo lilitolewa mwaka ule ule wa 1749.

Miaka sita baadaye, mwaka 1755, viongozi wa Uingereza walikaa katika mji huo wa Halifax wakaamua jambo jingine. Katika jimbo hilo waliishi wakulima wenye asili ya Ufaransa, wanaoitwa Wakadia. Walikuwa wamekaa pale zaidi ya miaka 100. Waingereza walitaka waape kiapo cha utii kamili kwa mfalme wao. Wakadia walikataa, hawakutaka kulazimishwa kupigana na Wafaransa wenzao. Basi ikaamuliwa wafukuzwe. Askari walizichoma nyumba zao na ghala zao, watu wakapakiwa melini. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 10,000 waliondolewa, na familia nyingi zikatenganishwa. Maelfu walikufa kwa magonjwa, kwa njaa na kwa meli kuzama.

Nawaeleza haya mapema ili tuelewane. Kuchomewa kijiji na kupakiwa bila kujua unapelekwa wapi, haya hayakuanza kwetu. Yamewapata watu wa rangi zote.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuwafuate watu weusi.

Mwaka 1775 makoloni ya Amerika yaliasi utawala wa Uingereza. Vita vikadumu miaka minane. Katika vita hivyo Waingereza walitoa ahadi: mtumwa yeyote atakayemkimbia bwana wake mwasi na kuja upande wetu, atakuwa huru. Maelfu walikimbia. Walikimbia usiku, wakapita kwenye vinamasi, wakabeba watoto mgongoni. Hadithi hiyo hata mtoto wa darasa la tatu humu kambini anaijua.

Waingereza walishindwa vita. Wakati wa kuondoka New York, mwaka 1783, waliandika majina ya watu weusi waliopanda meli kwenye kitabu kikubwa: jina, umri, sura ya mtu, alitoka kwa bwana gani. Majina kama 3,000. Na watu walipewa cheti cha kuonyesha kwamba wana ruhusa ya kwenda wanakotaka. Karatasi ile ndogo ilikuwa ndiyo tofauti kati ya mtu huru na mtumwa. Asiyekuwa nayo aliweza kukamatwa bandarini na kurudishwa kwa bwana wake.

Walifika Nova Scotia. Waliahidiwa ardhi na chakula. Chakula kilikuwa kidogo. Ardhi ilichelewa. Wazungu waliokimbia vita hivyo hivyo walipewa kwanza, na weusi wakapewa mwisho: vipande vidogo, penye mawe, au hawakupewa kabisa. Wengi wao walikaa Birchtown, na majira ya baridi ya kwanza wengine walilala kwenye mashimo yaliyofunikwa kwa magogo na matawi. Mwaka 1784, katika mji jirani wa Shelburne, askari wazungu waliokosa kazi waliwavamia weusi na kubomoa nyumba zao, wakisema wanakubali kufanya kazi kwa mshahara mdogo na kuwanyang'anya riziki. Maneno hayo pia mmeyasikia.

Walikuwa na mtu mmoja anaitwa Thomas Peters. Alikuwa sajini katika jeshi la Uingereza, na kabla ya hapo alikuwa mtumwa. Alingoja ardhi yake miaka na miaka. Aliandika maombi, hayakujibiwa. Basi mwaka 1790 alichukua ombi lililoandikwa kwa niaba ya wenzake, akavuka bahari, akaenda nalo London mwenyewe. Fikirini hatari yake: mtu mweusi peke yake melini, wakati biashara ya watumwa bado inaendelea, na yeyote angeweza kumkamata na kumuuza.

Alifika, na alisikilizwa. Kampuni moja ya London ilikuwa inaanzisha makazi Afrika Magharibi, ikakubali kuwapeleka bure watakaotaka. Alitumwa afisa wa jeshi la majini, John Clarkson, kuja kuandikisha watu. Na tarehe 15 Januari 1792, katikati ya baridi kali, meli 15 ziliondoka bandari ya Halifax zikiwa na watu karibu 1,200. Wengine walifia njiani. Waliobaki walifika Sierra Leone wakajenga mji ulioitwa Freetown, maana yake mji wa walio huru. Mji huo leo ni mji mkuu wa nchi.

Kwa hiyo mji mkuu mmoja wa Afrika una mizizi kwenye gati la Kanada. Wale watu walikuwa wameshapewa "nchi ya tatu". Waliona ahadi haikutimizwa, wakachagua upya. Na wapo waliochagua kubaki Nova Scotia, nao wana uzao mpaka leo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1796, wakaletwa Halifax weusi wengine, wapatao 550, kutoka kisiwa cha Jamaika. Hawa waliitwa Maroon, watu waliotoroka utumwa wakaishi milimani wakipigana na Waingereza. Waliweka silaha chini kwa ahadi kwamba hawataondolewa kisiwani. Wakaondolewa. Halifax walifanyishwa kazi ya kujenga ngome juu ya kilima. Mwaka 1800 nao walipelekwa Sierra Leone.

Kilima hicho kipo, na ngome iliyopo leo, Citadel, ilikamilika mwaka 1856. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la nyota. Kila siku saa sita mchana wanapiga mzinga mmoja. Wageni wanashtuka, wenyeji wanarekebisha saa zao.

(Muziki mfupi.)

Baada ya hapo kulikuwa na vita vingine kati ya Uingereza na Marekani, vilivyoanza mwaka 1812. Ahadi ikatolewa tena, na watumwa wakakimbia tena. Kati ya mwaka 1813 na 1816, watu weusi wapatao 2,000 walishushwa Nova Scotia. Nyaraka za wakati ule zinawaita kwa jina tunalolijua: Wakimbizi Weusi.

Walipelekwa kukaa nje ya mji, sehemu kama Preston na Hammonds Plains. Walipewa viwanja vidogo, udongo mbaya. Na hapa wasikilizaji naomba mtegee sikio vizuri. Wengi hawakupewa hati ya kumiliki. Walipewa kibali cha kukaa. Wakajenga nyumba, wakazaa, wakazeeka, wakazikwa pale, na watoto wao vivyo hivyo. Lakini karatasi ya kusema "hii ni mali yangu" hawakuwa nayo. Mtu asiye na hati hawezi kuuza kwa uhakika, hawezi kupewa mkopo benki, na akifa, warithi wanaanza kugombana.

Tatizo hilo halikwisha. Mwaka 2017, miaka 200 baadaye, serikali ya jimbo ilianzisha mpango wa kuwasaidia wajukuu wa watu hao kupata hati za viwanja ambavyo familia zao zimekaa tangu enzi hizo. Kibali kilichotolewa kwa haraka kiligharimu vizazi saba, vizazi vinane.

(Muziki mfupi.)

Sasa tushuke tena bandarini. Tarehe 6 Desemba 1917. Ni Alhamisi asubuhi. Ulaya ina vita kuu, na bandari ya Halifax imejaa meli.

Meli ya Kifaransa, Mont-Blanc, inaingia. Imebeba karibu tani 3,000 za baruti na vilipuzi, na mapipa ya mafuta ya kuwaka juu ya sitaha. Meli ya Kinorwe, Imo, inatoka. Hiyo inakwenda New York kuchukua misaada ya chakula kwa raia wa Ubelgiji waliokuwa na njaa. Mwajua sasa: meli ya vita na meli ya msaada, zimekutana mahali pale pembamba.

Saa tatu kasorobo zikagongana. Cheche zikatoka, mafuta yakashika moto. Mabaharia wa Mont-Blanc wakarukia mashua, wakakimbia wakipiga kelele, lakini kwa Kifaransa, na watu wachache walielewa. Meli ikaelea inawaka hadi ikagota gatini. Watu wakatoka kuangalia. Watoto wakasimama kwenye madirisha ya vioo.

Kwenye kituo cha reli karibu na bandari kulikuwa na mfanyakazi wa telegrafu, Vince Coleman. Aliambiwa meli ina nini, akaanza kukimbia. Halafu akakumbuka kwamba treni yenye abiria iko njiani inakuja. Akarudi. Akagonga ujumbe kwenye mtambo: zuieni treni, meli ya vilipuzi inaungua bandarini. Akawaaga wenzake. Ujumbe ulifika. Yeye hakutoka.

Saa tatu na dakika nne meli ikalipuka. Sehemu ya kaskazini ya mji ikafutika. Watu wapatao 2,000 walikufa, 9,000 walijeruhiwa, na wengi waliumia macho kwa vioo vya madirisha. Watu 25,000 hawakuwa na mahali pa kukaa panapofaa. Kijiji cha Wami'kmaq kilichokuwa ng'ambo ya pili kiliharibiwa kabisa na wimbi na mlipuko. Na kesho yake ikaanguka theluji kubwa, juu ya watu waliokuwa bado chini ya kifusi.

Mji wa Boston, Marekani, ulisikia, na usiku ule ule ukapeleka treni yenye madaktari, wauguzi na dawa. Hadi leo jimbo la Nova Scotia hutuma Boston mti mkubwa wa Krismasi kila mwaka, kama shukrani. Zaidi ya miaka 100, na asante bado inatolewa.

Kuna jambo moja dogo katika msiba huo ambalo mimi naliona kubwa. Miaka mitano kabla, mwaka 1912, meli Titanic ilikuwa imezama, na Halifax ndio uliotuma meli kuokota maiti. Watu 150 wa Titanic wamezikwa katika mji huo. Wakati ule walitunga utaratibu: kila maiti ilipewa namba, na vitu vyote vilivyopatikana mwilini, pete, barua, ufunguo, viliwekwa kwenye mfuko wenye namba hiyo hiyo. Kwa njia hiyo ndugu waliweza kumtambua mtu wao hata kama sura haitambuliki. Mwaka 1917 walitumia utaratibu huo huo, na familia nyingi zikajua nani wamemzika. Sisi ambao tuna ndugu hatujui walikoangukia, tunajua thamani ya mfuko kama ule.

Waliopoteza nyumba walijengewa kwanza nyumba za muda za mbao, halafu mtaa mpya wa nyumba imara za matofali ya zege, unaoitwa Hydrostone. Upo mpaka sasa, na watu wanaulizana bei ya nyumba huko. Lakini palikuwa na mtaa mmoja ulioharibika ambao haukuingizwa katika mpango wa kujengwa upya. Nitaurudia.

(Muziki mfupi.)

Mwaka 1928 lilifunguliwa Gati Namba 21. Hapo ndipo wageni wengi walipoingilia hadi mwaka 1971. Wapatao milioni moja walipita pale. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi karibu 500,000 waliondokea hapo hapo kwenda Ulaya.

Mlango ulikuwa hivi. Unashuka melini, unapanda kwenye ukumbi mkubwa, unakaa kwenye benchi. Daktari anakuangalia. Afisa anakuita, anakuuliza kwa mkalimani: unatoka wapi, unakwenda kwa nani, una shilingi ngapi? Mizigo inakaguliwa, na vyakula vingi vinachukuliwa, nyama na soseji ambazo mama amezificha katikati ya nguo. Kulikuwa na vyumba vya kuwashikilia ambao kesi yao haijaeleweka. Na kulikuwa na watu wa kujitolea, masista na Msalaba Mwekundu, waliowabeba watoto wachanga na kuwapa akina mama chai. Ukikubaliwa, unatoka mlango wa nyuma, treni inakungoja, unakwenda siku kadhaa kuvuka nchi.

Ninyi mliofanyiwa uchunguzi wa afya na kuulizwa swali lile lile kwa maneno matatu tofauti, si mmeona? Gati limebadilika, benchi ni lile lile.

Walipita pale Wahungari waliokimbia mwaka 1956. Kabla yao, Desemba 1948, iliingia meli ndogo inayoitwa Walnut, imebeba watu 347, wengi wao kutoka Estonia. Walikuwa wamekimbilia Uswidi, wakaogopa kwamba watarudishwa kwa Warusi. Wakachanga pesa, wakanunua meli kuukuu, wakavuka Atlantiki bila viza. Waliwekwa kizuizini, wakahojiwa mmoja mmoja, na karibu wote wakapokelewa.

Lakini lazima niwaambie na habari ya waliokataliwa. Mwaka 1939 meli St. Louis ilitoka Ujerumani na Wayahudi zaidi ya 900 waliomkimbia Hitler. Kuba iliwakatalia karibu wote. Marekani ikakataa. Kanada ikaombwa iwapokee, nayo ikakataa. Meli ikarudi Ulaya na watu 907. Kati yao 254 waliuawa katika mauaji ya Wayahudi yaliyofuata.

Leo Gati Namba 21 ni jumba la makumbusho la taifa. Mnara wa kuwakumbuka watu wa St. Louis uliwekwa pale pale, mwaka 2011, ndani ya jumba linalosifu ukarimu wa Kanada. Mwaka 2018 waziri mkuu alisimama bungeni akaomba radhi. Na mwaka 1986 wananchi wa Kanada walipewa Nishani ya Nansen, tuzo ya UNHCR kwa wanaowasaidia wakimbizi. Nchi moja, mambo mawili. Ukiambiwa Kanada ni mbinguni, kumbuka St. Louis. Ukiambiwa haina huruma, kumbuka Walnut.

(Muziki mfupi.)

Niliahidi kuurudia ule mtaa.

Kaskazini kabisa ya Halifax, ukingoni mwa lile beseni la maji, uzao wa wakimbizi weusi walinunua viwanja. Hati ya kwanza ni ya mwaka 1848. Mwaka uliofuata wakaanzisha kanisa. Wakavua samaki, wakafuga, wakajenga shule. Kijiji kikaitwa Africville, yaani kijiji cha Waafrika.

Walilipa kodi kwa mji. Mji haukuwapa maji ya bomba, wala mifereji ya maji machafu, wala barabara ya lami. Ukawapitishia reli katikati ya nyumba. Ukajenga jela karibu yao, na hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na machinjio. Katika miaka ya 1950 ukaleta jalala la taka za mji mzima. Visima vikachafuka, wakaambiwa wachemshe maji. Halafu wakuu wakaja wakasema: mahali hapa ni pachafu, hapafai kukaa watu, lazima pabomolewe.

Kuanzia mwaka 1964 hadi 1970 nyumba zote zilibomolewa. Familia kama 80, watu kama 400. Baadhi yao walihamishwa vitu vyao kwa malori ya taka. Kanisa lilibomolewa usiku, mwaka 1967. Na sasa sikilizeni: aliyekuwa na hati ya kiwanja alilipwa kiasi. Asiyekuwa nayo, hata kama babu yake alizaliwa pale, alipewa dola 500.

Hawakunyamaza. Mmoja wao, Eddie Carvery, alirudi pale mwaka 1970 akaanza kukaa kwa kudai haki. Wengine wakaunda chama cha ukoo, wakakusanya picha, majina, risiti, na kumbukumbu za wazee. Kila mwaka wakati wa joto wanarudi, wanapiga mahema pale ilipokuwa nyumba ya bibi, wanapika, wanaimba, wanawaonyesha watoto: hapa ndipo tulipokuwa. Tarehe 24 Februari 2010 meya wa Halifax aliomba radhi hadharani. Zikatolewa dola milioni 3, na kanisa likajengwa upya kama lilivyokuwa. Ndani yake sasa ni makumbusho. Lakini viwanja vyenyewe havikurudishwa, na madai yanaendelea.

Na Cornwallis, yule wa mwanzo? Alikuwa na sanamu kubwa mjini. Wami'kmaq walidai miaka mingi iondolewe. Mwaka 2018 manispaa iliishusha.

(Muziki mfupi.)

Wasikilizaji, tumefika mwisho wa matembezi. Tubebe nini?

Mimi nimebeba jambo la karatasi. Cheti cha 1783 kilimwokoa mtu asirudishwe utumwani. Kibali kisicho hati kiliwatesa wajukuu kwa miaka 200. Namba kwenye mfuko ilimrudishia mama maiti ya mwanawe. Na Africville ilisimama tena kwa sababu watu walikuwa wametunza majina na picha.

Kwa hiyo, mama uliyejifungua mwezi huu, usiondoke kituo cha afya bila karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, na fuatilia asajiliwe. Mtoto asiyeandikwa popote, siku moja ataulizwa yeye ni nani, na hutakuwepo kumjibia. Wewe uliyekimbia na hati ya shamba, itie kwenye nailoni, isilowe, piga picha kwa simu na umpe mtu unayemwamini nakala. Wewe uliyekimbia bila kitu, kaa na mtoto anayejua kuandika, umtajie: kijiji chetu, mto uliopakana nasi, jirani wa kulia, jirani wa kushoto, mwaka tuliopanda miti. Karatasi hiyo haina mhuri, lakini watu wa Africville walianzia na karatasi kama hizo.

Na jambo la pili, nalisema kwa sauti: safari ya kwenda nchi ya tatu hainunuliwi. Fomu hazinunuliwi. Mahojiano hayanunuliwi. Anayekuomba pesa ili akusogeze mbele anakuibia, hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Katoe taarifa kwenye ofisi ya ulinzi.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, maswali ya kujadili wiki hii ni matatu. La kwanza: Thomas Peters alipoona ahadi haitimizwi, alipeleka ombi mbele zaidi. Sisi humu kambini tukiwa na lalamiko, tunalipeleka kwa nani, na kwa njia gani? La pili: wazee wa kikundi chenu wanakumbuka nini ambacho hakijaandikwa? La tatu: mgeni akifika kesho kwenye bloku yenu, na yeye si wa kabila lenu, mtampokea kama Walnut au kama St. Louis?

Swali la tatu tusiwaachie Wakanada. Sisi nasi tuna milango, ingawa ni ya turubai.

 

(Muziki wa kufunga.)